Meneja Hataki Kula

Mpwapwa,
3 Februari 2024

Kwa mkwe wangu Elisante,

Usishtuke. Hakuna msiba. Najua kondakta wa basi akikupigia simu kwamba ana bahasha yako kutoka kwa mama mkwe, moyo utakwenda mbio, ndiyo maana nimeanza na hilo.

Huu ni mwaka wa nne tangu umuoe Edina wangu, na mimi na wewe hatujawahi kusemezana. Si kwamba nakuchukia. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Ugogoni: mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapigi soga. Mimi nakufahamu kwa viatu tu. Ukija hapa nainamisha kichwa, naviona vimepigwa kiwi, nasema moyoni mwanangu amepata mtu safi. Picha ya harusi ninayo ukutani, lakini mpiga picha alikuambia ukaze uso, na hapo umetoka kama picha ya kitambulisho.

Mambo yetu yote hupitia kwa Edina. Sasa Edina yuko Morogoro kwenye kozi yake ya ukunga mpaka Juni, na sitaki asumbuliwe. Simu siwezi, maana simu ni sauti, sauti inatoka mdomoni, na mdomo uko usoni. Barua ni jambo jingine. Bibi yangu aliyetufundisha miiko hii hakujua kusoma, kwa hiyo hakuacha katazo lolote juu ya barua.

Nina maswali matatu. Je, Meneja alifika salama? Je, maji ya kwenye tangi ni masafi? Je, anakula?

Unajua samaki yule ameachwa na baba yenu Zablon, Mungu amrehemu. Alimleta akiwa mdogo kama kidole gumba, akamlea mpaka akawa mpana kama sahani. Akamwita Meneja kwa sababu alikuwa akizunguka ndani ya kioo huku akitukagua wote. Nimewapa ninyi kwa sababu kubeba ndoo za maji kumenishinda, ni uzee. Nisamehe mwandiko, kalamu hii mbovu.

Mama mkwe wako,
Anyesi


Nkuhungu, Dodoma,
7 Februari 2024

Kwa Mama Mkwe, Mwalimu Anyesi,

YAH: HALI YA SAMAKI MENEJA

Shikamoo Mama. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukufahamisha kwamba samaki tajwa alifika salama. Alisafiri ndani ya pipa nyuma ya pikapu, nami nilikaa naye huko nyuma nikiwa nimeshika mfuniko kwa mikono miwili kutoka kwako mpaka hapa. Kila kwenye shimo nilikuwa namwomba radhi.

Kuhusu maji, ni masafi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naangalia pampu ya hewa, na inafanya kazi vizuri. Tangi limewekwa sebuleni, mkabala na meza ya chakula. Ukuta wa nyuma yake nimeupaka rangi upya, ya maziwa. Majirani wanakuja kwa makundi kumtazama. Restuta, dada mmoja wa Kigogo tunayeishi naye ua mmoja, amesema hajawahi kuona samaki mwenye macho ya mtu anayejua siri za watu.

Nakushukuru kwa kutuamini. Naomba kuwasilisha.

Mkweo mtiifu,
Elisante


Mpwapwa,
11 Februari 2024

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama wima, nikidhani imetoka kwa Mkurugenzi. Siku nyingine niandikie kama mtu.

Mimi nimefundisha darasa la nne mpaka nikastaafu. Mtoto akiulizwa maswali matatu, akajibu mawili kwa maneno mengi na kuongeza habari za ukuta, basi lile la tatu ndilo lenye shida. Nauliza tena: anakula?

Sitakugombeza. Lakini nataka kujua. Tangu Zablon afariki, kitu cha kwanza nilichokuwa nasikia alfajiri ni Meneja akipiga maji kwa mkia, anadai. Nilikuwa nanung'unika kwamba hanipi usingizi. Sasa nalala mpaka jua linaingia chumbani, na silifurahii hata kidogo.

Niambie ukweli hata kama ni mbaya.

Mama mkwe wako,
Anyesi


Nkuhungu,
15 Februari 2024

Shikamoo Mama,

Hajala. Hajala chochote tangu afike. Nimeshaandika, sasa naweza kupumua.

Nilikwepa swali lako kwa sababu nilijiambia kesho atakula, nami nitakuandikia habari njema. Hiyo kesho ikawa inasogea mbele kila siku.

Analala ubavu chini kabisa ya tangi kama mtu aliyesusa. Yale madoa yake mekundu yamefifia. Nimempa dagaa wa kuloweka. Nimempa mnofu wa sangara. Nimempa panzi, nimempa na nyungunyungu niliowachimba mwenyewe nyuma ya bafu. Anatazama, kisha anageuka anatupa mkia. Chakula kinaoza, maji yanachafuka, nabadilisha maji, naye ananuna zaidi.

Halafu kuna la aibu, nalo nitakuambia. Restuta aliniambia hivi: "Shemeji, huyu ametoka nyumbani kwa mama mkwe wako. Huyu naye ni mkwe. Atakulaje wakati unamkodolea macho?" Mimi ni Mpare wa Same, Mama, mila zenu najifunza ukubwani, nikaamini. Basi kutwa nikawa namwekea chakula nikiwa nimempa mgongo, natoka kinyumenyume, nakula zangu jikoni nimesimama. Nilimwamkia na shikamoo pia. Jana nikamkuta Restuta dirishani, kanga kaijaza mdomoni, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Amewahadithia wapangaji wote. Sasa nikipita uani watoto wanaliamkia tangi letu.

Nifanye nini?

Mkweo,
Elisante


Mpwapwa,
19 Februari 2024

Mkwe wangu,

Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma, na mbavu zangu siku hizi hazihitaji kuumizwa. Huyo Restuta nimpende au nimchape, bado sijaamua. Mwambie wachokozi kama yeye nawajua.

Lakini hapo kwenye utani wake kuna ukweli kidogo. Meneja ni mgeni, na ninyi mmemfanyia maonyesho. Funga mlango, wazuie hao majirani. Lifunike tangi kwa kanga pande tatu, mbele tu pabaki wazi. Taa yake izime. Maji ya bomba usimmwagie moja kwa moja, yaache yalale kwenye ndoo kwanza. Chakula akikikataa kitoe upesi, usimrundikie. Mtu asiye na hamu ukimjazia sahani unamkinaisha.

Hapa kwangu tangi lilikuwa jikoni, pale penye ukuta wa dirisha. Mchana nilikuwa nakaa na kinu changu natwanga karanga za mlenda, na yeye anakuja mbele ya kioo anacheza. Anatikisa mapezi, anapanda, anashuka. Zablon alikuwa akisema, "Endelea, Mama Edina, Meneja anakagua kazi." Nikimaliza kutwanga namtupia dagaa wake, kisha ndio nainjika sufuria. Siku hizi sitwangi. Nanunua karanga zilizosagwa sokoni, hazina ladha yoyote. Pale alipokuwa pamebaki alama ya mraba ukutani, na mimi nakula nikiitazama.

Usikate tamaa. Zablon alisema samaki wa aina hii wana moyo mgumu na roho ndefu.

Mama mkwe wako,
Anyesi


Nkuhungu,
23 Februari 2024

Shikamoo Mama,

Kazi yangu Bungeni ni kusikiliza mijadala iliyorekodiwa na kuandika kila lililosemwa. Nimezoea kurudisha nyuma pale msemaji anapopita haraka. Barua yako nayo nimeirudia, na nimekwama kwenye kinu.

Mama, Meneja hakuwa anacheza. Alikuwa akisikia sakafu inatikisika, anajua chakula chake kinakuja. Hapa kwangu sakafu iko kimya tangu Edina aondoke. Mimi mwenyewe naishi kwa chipsi za kununua.

Nikaenda kuazima kinu kwa Restuta. Nikakaa nacho sebuleni, nikatwanga. Wapangaji walijaa mlangoni kumwona mwanaume wa Bungeni akitwanga karanga na tai shingoni, lakini nikafunga mlango kama ulivyoniagiza. Mchi wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, akainua pezi. Nilipoendelea akanyanyuka kutoka chini, akaja mbele ya kioo, akatikisika mwili mzima! Nilikimbia jikoni kuchukua dagaa, nikanawa mikono, nikarudi, nikamtupia. Akamdaka. Nikasema asante Yesu.

Akamtema.

Tangu siku hiyo kila nikitwanga anakuja, anaonja, anatema, anashuka kulala ubavu. Amekonda sana, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili. Naogopa.

Nikueleze kwa nini naogopa hivi. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano. Nilipomwoa Edina nilifurahi kwamba nimepata mama tena, halafu nikaambiwa kuna mwiko, mama huyo sitamtazama wala kuzungumza naye. Nimeuheshimu na nitauheshimu. Lakini hili tangi ndilo jambo la kwanza ulilonikabidhi mimi, na barua hizi ndizo maneno ya kwanza uliyoniambia. Sitaki barua yangu ijayo iwe ya kukuambia amekufa.

Mkweo,
Elisante


Mpwapwa,
26 Februari 2024

Elisante,

Nimesoma barua yako, nikaenda kukaa uani kwanza, kisha nikairudia.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Masharti ni haya. Nitalala kwa Restuta. Mimi nikiwa sebuleni, wewe uwe jikoni, mlango uwe nusu wazi. Kinu kiwe huko kwako. Tukiwa na la kusema tutaandikiana, Restuta ndiye tarishi, iwe adhabu yake. Edina usimwambie.

Mpaka hapo endelea kutwanga, hata kama anatema.

Anyesi


Jikoni, Nkuhungu,
2 Machi 2024

Shikamoo Mama, na karibu sana. Nimesikia sauti yako ukiongea na Restuta, nikaziba masikio, lakini nimechelewa kidogo. Nisamehe.

Restuta ananiambia mkono wako wa kulia umefungwa hogo na kuning'inizwa shingoni. Ni kweli? Ile kalamu mbovu ni mkono wa kushoto?

Elisante


Sebuleni,
siku hiyohiyo

Marahaba. Restuta hana siri hata ya dakika tano.

Ni kweli. Nilianguka na bodaboda mwezi wa kwanza, nikavunjika mkono na kuumia mbavu. Ndiyo sababu ya kuwapa Meneja. Uzee nimeusingizia tu, sijafika huko. Siku ulipokuja na pikapu kumchukua niliuficha mkono ndani ya kanga, nawe kwa adabu yako ukawa unaangalia chini, hukuona kitu. Edina angejua angeacha kozi arudi kunipikia uji. Umenificha, nimekuficha. Tusameheane, tufanye kazi.

Huyu mtoto amekonda jamani! Lakini amenijua. Nimeweka kiganja kwenye kioo, amefumbua jicho.

Sikiliza. Mimi siwezi kutwanga, utatwanga wewe. Usitwange kama unafukuzwa. Tua mchi, pumzika, tua. Karanga za kwanza zikilainika mpe Restuta aniletee nipake vidoleni. Ulisema ulikimbia ukanawa mikono. Mimi sikuwahi kunawa. Nilikuwa namtupia dagaa na vidole vyangu vikiwa na karanga. Nimelikumbuka hilo njiani nikiwa kwenye basi, nusura nimwambie dereva aongeze mwendo.

Anyesi


Jikoni

Mama, karanga hizo nimempa. Naendelea kutwanga. Hivi ndivyo? Huku sioni kitu, nasikia maji yanapigwa tu.

Elisante


Sebuleni

Polepole zaidi. Usisimame.


Jikoni

Mama? Mbona kimya? Restuta naye amegoma kuniambia, anasimama tu mlangoni na kanga mdomoni. Naomba uniambie hata kama ni vibaya.

E.


Sebuleni

Amekula.

Dagaa wa kwanza alimshika mdomoni muda mrefu, nikafumba macho, nikisubiri amteme. Nilipofumbua alikuwa amekwisha kummeza. Akala wa pili, wa tatu akataka kuninyofoa na kidole. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nalia, na mkono wa kushoto hauwezi kuandika na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

Asante, Elisante. Asante sana.

Sasa acha kutwanga, hizo karanga zimekuwa mafuta. Restuta ameandaa ugali wa uwele na mlenda. Anasema hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi kwa sababu mimi nimo ndani. Njoo ule. Nimegeuza kiti changu, natazama tangi, nimeipa meza mgongo. Wewe utakaa nyuma yangu. Hatutatazamana na hatutasema. Lakini katika nyumba yako mwenyewe usile jikoni umesimama.

Anyesi


Mpwapwa,
6 Machi 2024

Mwanangu Elisante,

Nimefika salama. Nimempigia Edina nikamwambia habari za mkono. Amenigombeza mpaka salio likaisha, akapiga yeye akaendelea. Wewe atakugombeza kesho, jiandae. Kozi haachi, nimemwapisha.

Kuna jambo nilitaka kulinyamazia, nikaona siwezi.

Siku ile nilikaa kama nilivyosema, mgongo kwenu, macho kwenye tangi. Ulitoka jikoni kwa kunyata, ukavuta kiti, nikasikia unanawa. Tangi lilikuwa limefunikwa kanga pande tatu na taa imezimwa, na mwanga wa dirisha ulikuwa unakupiga wewe. Nikamwona Meneja anapita, na juu kidogo ya mgongo wake nikaona mtu anakula.

Nilipaswa kufumba macho. Sikufumba.

Una nyusi zilizokutana katikati. Hakuna aliyewahi kuniambia. Unatafuna huku umeinamisha kichwa upande mmoja, nadhani ni hiyo kazi ya kusikiliza kutwa nzima. Mlenda ulikupendeza, maana uliramba kidole ukidhani hakuna anayekuona. Una uso wa mtu mpole, na umechoka kuliko unavyoandika. Mtoto wa kiume ninaye mwaka wa nne sasa, nimemwona mchana mmoja.

Mwiko umevunjwa na mimi, wewe huna kosa lolote. Ukiona ni vibaya niambie, nitakuelewa. Nimejaribu kujuta tangu nipande basi, sijaweza. Nilikutazama mpaka ukamaliza kula.

Mama yako,
Anyesi


Nkuhungu,
10 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Meneja anakula. Leo amekula dagaa na panzi wawili, na yale madoa yameanza kuwaka tena. Natwanga kila nikirudi kazini. Majirani wamenizoea, Restuta ananiletea na karanga zake nimtwangie.

Edina amenigombeza kama ulivyosema. Nimestahimili.

Kuhusu lile la kwenye tangi. Mama, kioo kile kilikuwa kinaonyesha pande zote mbili. Nilikuona kabla sijafika tonge la pili. Nikataka kunyanyuka nirudi jikoni na sahani yangu, kisha nikaona unavyonitazama, nikabaki.

Ndiyo maana nilikula polepole.

Mwanao,
Elisante